Yule Ndege wa Columbus Si Chozi, na Asali Ndiyo Iliyomfukuza

Swali: Nimezaliwa na kukulia Muheza, Tanga, na huu ni mwaka wa tatu naishi na binti yangu hapa Columbus, Ohio. Jirani yetu, bibi wa Kimarekani, ametundika chupa ya maji mekundu, na kila siku vinamjia videge vidogo sana vinavyovuma kama nyuki. Nilimwambia mjukuu wangu kuwa hao ni chozi, kama wa kwetu. Mwezi wa saba nami nikanunua chupa, nikaitundika kwenye ukuta wa nyuma unaopigwa jua, nikawatilia asali na maji, maana sukari niliona si kitu cha kumpa kiumbe. Walikuja siku mbili. Halafu akatokea mmoja mwenye koo jekundu, akawa anawafukuza wenzake, sisimizi wakajaa kwenye chupa, na sasa haji hata mmoja. Nimekosea wapi? Na je, ni kweli kwamba nikiendelea kuwalisha mpaka Septemba watasahau kusafiri, baridi iwaue? Mjukuu naye anauliza kama tunaweza kumkamata mmoja tumfuge.

Jibu: Shikamoo mama. Barua yako imenichekesha, kwa sababu kosa la jina nililifanya mimi kabla yako, tena mimi niliyekuwa nikilipwa kuwaonyesha wageni ndege katika msitu wa Amani, hapo juu ya kwenu Muheza. Wiki yangu ya kwanza Ohio kitu cha kijani kilisimama hewani mbele ya ua, nikapiga kelele, "Chozi!" Mwenyeji wangu, Mkongo wa Bukavu, akaniangalia usoni kutafuta chozi lenyewe liko jicho lipi.

Si chozi. Wala hawana undugu wa karibu. Ndugu wa karibu wa huyo ndege wako ni teleka, wale wenye mabawa kama mundu wanaozunguka juu ya mapaa jioni bila kutua. Chozi yumo katika ukoo mkubwa wa ndege waimbao, kundi moja na shomoro. Kinachowafananisha hawa wawili ni kazi yao. Wote wanaishi kwa maji matamu ya maua, na kazi hiyo inadai mdomo mwembamba, ulimi mrefu na mwili mdogo. Huku wamempa jina linalotokana na mvumo wa mabawa yake, hummingbird. Nasi tumwite mvumaji, yatosha.

Wavumaji ni zaidi ya aina 350, na wote wako katika mabara ya Amerika, tangu Alaska hadi kusini kabisa mwa Chile. Afrika hakuna hata mmoja. Ila kuna jambo moja ambalo hunipa raha kila nikilikumbuka: mifupa ya wavumaji yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 30 ilipatikana kusini mwa Ujerumani, na mtaalamu Gerald Mayr akaitangaza mwaka 2004. Maana yake zamani sana walikuwako upande wetu wa dunia, wakatoweka.

Katika aina zote hizo, anayetaga mashariki mwa Marekani ni mmoja tu, mvumaji wa koo jekundu, Archilochus colubris kwa jina la kisayansi. Kwa hiyo Columbus mwezi wa nane huna haja ya kubahatisha, ni yeye. Urefu wake sentimita 7 hadi 9, uzito wake kama gramu 3. Mpe mjukuu kijiko cha chai chenye sukari kidogo, usikijaze. Hapo amebeba ndege mzima.

Ukitaka kumwonyesha tofauti na chozi, mwambie atazame miguu. Chozi akifika kwenye ua la mgomba anashika, ananing'inia, anainamisha kichwa chini, anarukaruka kutoka tawi hadi tawi. Kusimama hewani anaweza, lakini kwa muda mfupi, na unaona kabisa kuwa anajitahidi. Mvumaji miguu yake ni ya kukalia tu, kutembea hawezi. Akitaka kusogea sentimita tano kwenye tawi anajivuta kiubavu au anaruka. Kazi yote anaifanya hewani. Mabawa yanapiga mara 50 hivi kwa sekunde, yakichora namba nane iliyolala, na ndiyo maana bawa linambeba likienda mbele na linambeba tena likirudi nyuma. Akishamaliza ua anatoka kinyumenyume, kama gari linalotoka kwenye uchochoro. Chozi sijamwona akifanya hivyo, na nimewatazama miaka.

Sasa asali. Najua ulivyofikiri, maana kwetu asali ni dawa na sukari ni ya chai. Lakini asali ikishakutana na maji inachachuka upesi na kuotesha kuvu, na ukutani penye jua la Julai haichukui zaidi ya siku moja au mbili. Zile siku mbili ulizosema walikuja ndizo hizo. Hawakukukimbia wewe, kinywaji kiliharibika. Sukari unayoidharau ndiyo inayofaa, tena ile nyeupe ya kawaida, kwa kuwa sukari ya miwa na ile iliyo nyingi zaidi katika maua wanayoyapenda ni kitu kimoja, sukrosi. Sukari ya kahawia wala sukari guru usitumie, zina madini ya chuma ambayo mwili mdogo namna hiyo hauyahitaji. Zile za bandia za wenye kisukari hazina nguvu yoyote ya kumpa.

Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji. Maji ya moto yanayeyusha haraka. Yaache yapoe kabisa kabla ya kutia kwenye chupa. Yanayobaki weka kwenye friji, wiki nzima hayana neno. Utamu huo unakaribiana na ule wa maua yenyewe, kwa hiyo usiongeze sukari kwa huruma. Na rangi usitie. Huenda jirani amenunua maji yaliyotiwa rangi kiwandani, wengi hufanya hivyo, lakini ndege anavutwa na sehemu nyekundu za chupa yenyewe. Kiumbe cha gramu 3 kinachokunywa mchana kutwa kinaishia kumeza rangi nyingi bila faida.

Nitoke nje ya njia kidogo. Ndege karibu wote walirithi mwili usioonja utamu. Kile kipokezi cha sukari tulicho nacho sisi kwenye ulimi, wao wamekipoteza. Mpe kuku peremende uone kama atajali. Mwaka 2014 Maude Baldwin na wenzake walionyesha kwamba wavumaji walikichukua kipokezi kingine, kile ambacho sisi hutumia kuonja ladha ya mchuzi wa nyama, kikabadilika kizazi baada ya kizazi hadi kikaanza kuitambua sukari. Kila ukimwona amezamisha mdomo kwenye chupa yako, anaonja sukari kwa ulimi uliokusudiwa supu.

Turudi uani. Kuna jambo wauza chupa hawalisemi: mvumaji hahitaji chupa yako. Ohio ya kiangazi imejaa maua, na zaidi ya maua anakula wadudu wadogo na buibui, tena kwa wingi, kwa sababu maji ya sukari hayana protini na makinda hayakui kwa soda. Wakati wa masika, maua yakiwa bado machache, anakwenda kunywa utomvu kwenye vishimo ambavyo aina fulani ya kigogota huvitoboa kwenye magome ya miti. Anajua kujitafutia. Chupa ni yetu sisi tunaotaka kukaa barazani tumwone kwa karibu. Mimi sioni ubaya, nami ninazo tatu. Lakini ukilielewa hilo, mambo yote ya usafi yanakuwa mepesi. Ukiiondoa chupa, ndege hapungukiwi kitu. Ukiiacha chafu, ndipo anapodhurika. Siku huna nafasi ya kuosha, ishushe.

Joto likiwa kali, zaidi ya nyuzi 30, badilisha maji kila siku, au usipitishe siku mbili. Likiwa la kawaida, siku mbili tatu. Kukiwa na ubaridi, hata siku nne tano. Usingoje maji yaishe ndipo uoshe. Mwaga, osha, tia mengine kidogo. Tena tia kidogo tangu mwanzo, robo ya chupa yatosha nyumba yenye ndege wawili watatu. Tumia maji ya moto na brashi nyembamba, ile ya kuoshea chupa za watoto, uipitishe na kwenye vile vitundu vya kunywea. Ukiona madoa meusi, loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza sana. Mwaka mmoja nilisafiri siku tisa nikaisahau chupa moja nje. Niliporudi maji yalikuwa yamefanya utando mweupe, yananuka kama tembo la jana, na ndani ameelea nyigu. Niliitupa, ingawa ilikuwa ya kioo na si ya bei rahisi.

Yako uihamishe kutoka ukutani. Itafutie kivuli cha mchana, jua la asubuhi halina tatizo. Iwe mahali ambapo paka hawezi kujificha chini yake. Na angalia madirisha: ama uiweke karibu sana na kioo, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asiwe na nafasi ya kupata kasi, ama uipeleke mbali kabisa, mita kumi hivi. Kati ya hapo ndipo wanapojigonga na kufa.

Sisimizi unawajua kuliko mimi. Kwetu kabati la chakula lilisimamishwa kwenye makopo manne ya maji, kila mguu na kopo lake, na sisimizi wakabaki sakafuni wanazunguka. Dawa ya chupa ni hiyo hiyo, imegeuzwa juu chini: kikombe kidogo cha maji kinaning'inia juu ya chupa, kamba ikipita katikati yake, na sisimizi anayeteremka anakutana na bahari. Kinauzwa kwenye maduka ya vitu vya bustani, au mjukuu akutengenezee kwa kifuniko cha chupa ya dawa na gundi isiyovujisha. Usipake mafuta ya kupikia wala vaselini kwenye kamba. Yakigusa manyoya ya ndege huyu hayatoki, na ndege asiyeweza kuruka vizuri hana siku mbili za kuishi. Nyigu nao wakizidi, sogeza chupa mita moja au mbili, mara nyingi wanachelewa kuitafuta. Kama chupa yako ina maua ya manjano ya plastiki kwenye vitundu, yang'oe, ndiyo yanayowaita.

Huyo mwenye koo jekundu ni dume, na ugomvi wake si wa chupa yako tu. Porini anashika kichaka cha maua kama shamba lake, anakaa kwenye kijiti kitupu juu yake, anamfukuza yeyote anayesogea: jike, kinda, hata kipepeo. Chupa kwake ni kichaka kisichoisha. Kumwondoa huwezi. Unaloweza ni kumfanya asiweze kulinda kila kitu. Tundika chupa mbili mahali ambapo akiwa kwenye moja haioni nyingine, moja mbele ya nyumba, nyingine nyuma ya kona. Ataikaba moja, na majike watakunywa kwenye ya pili huku yeye anapiga kelele upande wa pili wa nyumba. Mwezi huu wa nane fujo inazidi, maana makinda wa mwaka huu wamekwisha kuruka na wanaotoka kaskazini wameanza kupita. Ukiiosha chupa ukaitundika tena wiki hii, natarajia watarudi kabla ya wiki mbili kwisha.

Hilo koo lenyewe litazame vizuri. Kuna saa utasema ni jeusi kabisa, halafu anageuza kichwa kidogo na linawaka kama kaa la moto lililopulizwa. Hakuna rangi nyekundu kwenye manyoya hayo. Ni umbo la ndani la unyoya linalovunja mwanga, sawa na mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi yanavyotoa rangi ambazo hayana. Akitaka kumtisha mwenzake anajigeuza ili lile jekundu limpige huyo usoni. Wewe uliye pembeni unaona jeusi tu. Chozi wa kwenu wanang'aa kwa namna hiyo hiyo. Jike hana koo jekundu, lake ni jeupe, na kwa mwili ni mkubwa kidogo kuliko dume.

Na jike ndiye wa kumtazama zaidi, ukiniuliza mimi. Dume akishapanda hana habari tena. Chozi dume aghalabu husaidia kulisha makinda. Huyu wa huku hajui hata yako wapi. Jike peke yake anajenga kiota juu ya tawi, ukubwa wa nusu ya ndimu iliyokamuliwa, kwa manyoya laini ya mimea yaliyofungwa na utando wa buibui, halafu kwa nje anabandika vile vigaga vya kijivu-kijani vinavyoota kwenye magome, mpaka kiota kinaonekana kuwa nundu ya mti. Kwa sababu ya ule utando, kiota kinatanuka kadiri makinda yanavyokua. Mayai ni mawili, meupe, kama punje za maharage. Anayaatamia wiki mbili hivi, analisha kwa siku kama 20. Ukimwona jike Juni anapapasa pembe za dari yako kwenye utando wa buibui, usifagie. Anachukua vifaa vya ujenzi.

Sasa namna ya kutazama. Weka kiti kama mita tatu kutoka kwenye chupa, ukae. Si lazima unyamaze kimya, hawajali mazungumzo. Kinachowashtua ni mkono unaoinuka ghafla. Baada ya siku chache watakuzoea na utaweza kusogea hadi mita moja. Saa nzuri ni mbili: asubuhi jua likichomoza, na ile nusu saa ya mwisho kabla ya giza.

Akija, mwache anywe mara ya kwanza bila kujishughulisha naye, halafu mtazame mdomo. Anauingiza, ananywa, anarudi nyuma sentimita chache, anasimama hewani akikukagua, anaingia tena. Katika kurudi nyuma, ukiwa umekaa upande wa kivuli, utauona ulimi umechomoza kama uzi mweupe zaidi ya ncha ya mdomo. Uzi huo umepasuka mwishoni sehemu mbili, na kila sehemu ina pindo laini. Kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vilisema maji yanapanda kwenye ulimi huo yenyewe, kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili. Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega, wakiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, wakapiga picha za mwendo wa kasi sana. Mwaka 2011 walionyesha kuwa pindo hizo hufunguka zikiwa ndani ya maji na kujifunga zikitoka, zikiyateka. Mwaka 2015 wakaongeza kwamba ulimi hubanwa ukipita kwenye mdomo, kisha hutanuka ndani ya maji na kuyavuta kama pampu. Anafanya hivyo zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Kwa macho yetu unaona koo linatetemeka tu, na ndani ya chupa kiputo kimoja cha hewa kinapanda. Mjukuu aambiwe ahesabu viputo.

Nusu saa ya jioni ina sababu yake. Moyo wa ndege huyu akiwa kazini unaweza kupiga mara 1,200 kwa dakika, na mwili mdogo hivyo hauhifadhi moto. Usiku wa baridi anaweza kujizima: joto la mwili linashuka sana, moyo unapunguza mwendo, anakaa kwenye kijiti kama aliyekufa. Ndiyo maana jioni anakunywa kama msafiri anayejaza tangi. Ukimkuta asubuhi mapema amekaa hatikisiki, au hata ananing'inia kichwa chini, usimguse wala usimtie ndani. Jua likipanda, ataamka mwenyewe.

Kuhusu safari, la, hutamzuia. Kinachowaambia kuondoka ni kupungua kwa urefu wa mchana, na hilo chupa yako haiwezi kulibadilisha. Madume huanza kuondoka mwezi huu huu wa nane, majike na makinda hufuata Septemba, na mwanzoni mwa Oktoba Ohio inakuwa imebaki tupu. Wanakwenda Meksiko na Amerika ya Kati. Kabla ya hapo wanajinenepesha mpaka uzito unakaribia mara mbili, na wengi huvuka Ghuba ya Meksiko moja kwa moja, kama kilomita 800 za maji matupu, usiku na mchana bila pa kutua. Huko Rockport, pwani ya Texas, watu hukusanyika kila Septemba kuwaangalia wanavyojazana kwenye chupa na maua kabla ya safari.

Kwa hiyo Septemba ndiyo mwezi wa kuiacha chupa, si wa kuishusha. Iache mpaka zipite wiki mbili tangu umwone wa mwisho, kwa ajili ya mpita njia aliyechelewa. Na ikitokea mwishoni mwa Oktoba au Novemba bado kuna mmoja, usijilaumu kwamba umemsahaulisha njia. Huyo huenda ni aina nyingine kabisa, mvumaji mwekundu-kutu wa magharibi ya mbali, Selasphorus rufus, ambaye baadhi yao hupita huku kwenda kukaa majimbo ya kusini mashariki. Mmoja alivishwa pete mguuni Tallahassee, Florida, Januari 2010, na Juni mwaka huo huo akanaswa tena Chenega Bay, Alaska, zaidi ya kilomita 5,600 kutoka pale. Ukimpata kama huyo, jirani yako asikie mapema. Watu wa ndege wa Ohio watakuja mpaka mlangoni kwenu, na huenda mkahitaji maandazi.

Jambo la Septemba ambalo ni la kuogopa ni vunjajungu. Ndiyo, yule yule tuliyekatazwa kumgusa utotoni tusije tukavunja vyungu vya watu. Mwishoni mwa kiangazi anakuwa mkubwa, na amejifunza kukaa juu ya chupa, mikono imekunjwa, anangoja. Mwaka 2017 Martin Nyffeler na wenzake walikusanya matukio 147 ya vunjajungu kukamata ndege duniani. Mengi zaidi yalikuwa Marekani, na wahanga wengi walikuwa wavumaji. Mimi mwenyewe nilimkuta mmoja wa kijani, urefu wa kidole changu cha kati, amekaa kwenye kitundu cha kunywea huku jike akizunguka hewani hataki kusogea. Usimuue, hana kosa, naye anatafuta riziki yake. Mpandishe kwenye kijiti, mpeleke upande wa pili wa uwanja. Vyungu, kwa kadiri nilivyoona, vilibaki salama.

Mjukuu anayetaka kumfuga mwambie hapana bila kupepesa. Sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kumkamata, kumweka ndani, hata kuokota kiota au manyoya yake bila kibali. Akitaka kitu cha kufanya kwa mikono, mwakani apande maua, na yapo ya asili ya huku wanayoyapenda: Lobelia cardinalis nyekundu kwa sehemu yenye unyevu, Monarda didyma, na ule mtambaji wa Lonicera sempervirens kwenye uzio. Waulizeni wauza miche kwa majina hayo hayo, watayaelewa. Na maganda ya ndizi msiyatupe upesi. Yaning'inizeni karibu na chupa, vile vijidudu vya matunda vitakavyojaa hapo ndivyo protini yake.

Tarehe ya yule wa mwisho utakayemwona, mjukuu aiandike kwenye kalenda ya jikoni. Kisha mwende mkamwulize yule bibi jirani tarehe yake ya kwanza ya mwaka huu, hakosi kuwa nayo, watu wa chupa wote wanaiandika. Kwenu huwa ni nusu ya pili ya Aprili. Mwakani chupa iwe imetundikwa kabla ya siku hiyo, na sukari nyeupe.